Mtandao Uliomkataa Mzee Maige

Mzee Maige alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo kwenye kinu cha kuchambua pamba, alikofanya kazi ya ufundi miaka thelathini na mitatu. Alikuwa hafungui nati kabla hajaandika. Mashine ikianza kukorofisha, wenzake walikimbilia spana, yeye akakimbilia daftari. Alikaa pembeni siku mbili, tatu, hata saba, akiandika saa, sauti, harufu, na nani alikuwa amesimama wapi. Walimcheka. Kisha mashine ikapona, wakaacha kumcheka mpaka ilipoharibika nyingine.

"Mashine haina chuki na mtu," alizoea kusema kwa sauti yake ya chini. "Ina sababu tu."

Basi alipokuja Ibadakuli kwa mwanawe, akitokea Chato, ili atibiwe jicho la kulia hospitalini mjini Shinyanga, na baada ya siku chache akagundua kwamba mtandao wa nyumba ile unakatakata, hakutoa ushauri wowote. Alikwenda dukani akanunua daftari na kalamu ya wino mzito, kwa sababu jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji na la pili lilikuwa la uzee.

Mwanawe, Marselino, alikuwa Geita mgodini, akirudi nyumbani kila baada ya wiki tatu. Aliyekuwepo ni mkwewe, Apolonia, ambaye mzee alimwita Mama Juliana kama ipasavyo. Apolonia alifundisha Kiswahili kwa kompyuta. Asubuhi, mtoto akishakwenda shule, alikaa kwenye meza ya sebuleni, akafungua kompyuta, na sura ya mzungu ikatokea. Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Bwana Henrik, mstaafu wa huko Uswidi, ambaye binti yake aliolewa na kijana wa Mwanza. Mwezi wa saba angekuja kuwaona wakwe zake, na alikuwa ameapa hatakwenda kukaa mbele yao akitabasamu kama picha ya ukutani.

Mzee Maige alipenda masomo yale kuliko redio. Alikaa barazani, chini ya dirisha la sebule, akisikia mtu mzima akihangaika: "Mimi ninakwenda sokoni. Wewe unakwenda sokoni. Ng'ombe… anakwenda sokoni?" Naye mzee barazani akaitikia kimoyomoyo: anakwenda, tena mnadani.

Shida ilikuja katikati ya raha hiyo. Kila asubuhi saa nne mzee aliingia ndani kunywa chai. Alipiga hodi, Apolonia akamwomba radhi mwanafunzi, akateremka kwenye kiti, akapiga magoti palepale alipo, akainamisha kichwa, akaamkia kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma.

"Shikamoo Baba. Mwangaluka."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Chai iko kwenye chupa, Baba."

Akarudi kitini, na hapo ndipo ilipokuwa balaa. Bwana Henrik alikuwa ameganda mdomo wazi kama sato kwenye barafu, na juu ya uso wake kiduara kinazunguka.

"Bwana Henrik? Unanisikia? Bwana Henrik… Ah! Imekata tena!"

Alikimbia chumbani kuangalia ruta, akakuta taa zake zinamulika kama kawaida, moja tu ikipepesapepesa. Baada ya dakika mbili tatu mtandao ulirudi wenyewe. Kompyuta haikuwahi kuzimika hata mara moja, kwa kuwa ina betri yake. Kwa hiyo hakuna aliyeufikiria umeme.

Mzee Maige angeitazama ruta mwenyewe, lakini ilikaa chumbani kwa Apolonia, dirishani, ambako mawimbi ya mnara yalishika vizuri. Na baba mkwe haingii chumba cha mkwewe, hata nyumba iwe inaungua. Kwa hiyo aliichunguza akiwa koridoni, ameligeuzia mgongo pazia la mlango, kama daktari anayempima mgonjwa kwa kusimuliwa.

"Mama Juliana, ya moto?"

"Vuguvugu, Baba."

"Ina harufu?"

"Ya plastiki tu, Baba, kama siku zote."

"Taa ngapi?"

"Nne. Zote zinawaka."

"Haya." Akaandika.

Jirani yao, Zuhra, muuza vitumbua, alikuwa na maoni tayari. Babu yake Zuhra aliletwa na reli kutoka Tanga, akaoa hapahapa, na ulimi wa ukoo ule ulikuwa haujapata breki.

"Ni ndege hizo," alisema, akiweka sahani ya vitumbua barazani. "Uwanja uko hapa, mzee. Ndege ikishuka inaburura mtandao wote."

Mwingine angecheka. Mzee Maige aliandika saa za ndege siku mbili. Ndege ilishuka, mtandao ukatulia. Mtandao ukakata, angani hapana kitu ila mwewe. Alifuta ndege kwa mstari mmoja. Akafuta upepo. Akafuta kifurushi, maana kilikuwa kimejaa. Siku moja alikuja fundi wa kompyuta kutoka mjini, anaitwa Abel, kijana msafi mwenye begi la mgongoni. Alikaa saa nzima, akabadilisha neno la siri, akaizima ruta akaiwasha, na saa nzima ile mtandao ulitiririka kama maji ya bomba jipya. "Mbona nzima?" akasema, akaondoka. Siku hiyo mzee alikuwa hospitalini. Nayo aliiandika.

Jumanne ya wiki ya tatu Apolonia alipata ujumbe kutoka kwa Bi Loveness, msimamizi wa walimu, aliyekuwa Arusha. Aliusoma kwa sauti huku akiwa amesimama katikati ya sebule. Masomo manne yamekatika ndani ya majuma mawili. Ijumaa saa nne Bi Loveness atakaa mwenyewe ndani ya somo la Bwana Henrik. Likikatika tena, mwanafunzi atapewa mwalimu mwingine, na jina la Apolonia litaondolewa kwenye orodha.

"Kazi yenyewe hii nimeitafuta mwaka mzima, Baba," alisema. Hakulia. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

Siku iliyofuata, Mzee Maige alilifungua daftari magotini kwake na kufanya alichofanya siku zote mwishoni mwa uchunguzi: alitafuta kinachojirudia. Alisogeza karatasi karibu na jicho zima, akapitisha kidole. Mtandao ulikuwa umekata mara kumi na moja. Na mara zote kumi na moja, maandishi yalianza kwa neno lilelile: nimeingia. Siku mbili alizokwenda hospitali, haukukata hata mara moja. Kabla ya yeye kufika kutoka Chato, kwa maneno ya Apolonia mwenyewe, haukuwa na shida.

Katika umri wake alishaona wazee wakinyooshewa vidole kwa mambo madogo kuliko hilo: mvua kuchelewa, ndama kufa, mtoto kushikwa na homa. Apolonia hakuwa mtu wa namna hiyo, wala hakuna aliyetamka lolote. Lakini daftari lilikuwa limetamka, na mwandiko ulikuwa wake. Fundi asiyekubali daftari lake mwenyewe, je, atakubali nini?

Alhamisi asubuhi Zuhra alimkuta barazani amevaa koti, begi miguuni.

"Shikamoo mzee. Hee! Safari?"

"Marahaba. Chato."

"Na jicho? Si umeambiwa urudi kwa daktari Jumatatu?"

"Jicho litasubiri. Kazi ya mtoto haisubiri." Akamwelezea yote kwa sauti ndogo, asisikike ndani. Alimaliza kwa kusema, "Sisemi nina mkosi. Nasema mimi nikiingia, inakata. Nikiwa sipo, haikati. Basi nisiwepo."

Zuhra aliweka chini beseni la vitumbua. Alikuwa na miaka arobaini ya maneno tayari mdomoni, lakini uso wa mzee ulimzuia. "Hebu nipe hilo daftari," alisema. "Wewe una jicho moja, tena la kuazima. Mimi nina mawili."

Akaanza kusoma kwa sauti. "Jumatatu, saa nne na dakika tano. Nimeingia. Mama Juliana ameniamkia. Imekata. Jumatano, saa nne kasoro dakika tano. Nimeingia. Mama Juliana ameniamkia. Imekata. Alhamisi, saa nne na nusu. Nimeingia kuchukua fimbo. Mama Juliana ameniamkia. Imekata." Akaacha kusoma, akaanza kutikisa mabega. "Mzee! Hili daftari au wimbo wa harusi? Kila ubeti kiitikio kimoja: ameniamkia, imekata, ameniamkia, imekata!"

"Soma, mwanangu. Usiimbe."

"Nasoma. Jumanne, saa tano. Nimeingia. Mama Juliana yupo jikoni, hakuniona. Haikukata."

Mzee Maige aliinua kichwa. "Rudia hapo."

"Nimeingia. Mama Juliana yupo jikoni, hakuniona. Haikukata."

Mstari ule aliuandika mwenyewe na kuupita kwa kidole, maana ulikuwa peke yake na yeye alikuwa anatafuta mengi. Alivua kofia, akaiweka juu ya begi. Kumbe aliingia, na mtandao ukabaki mzima.

"Kwa hiyo si miguu yangu," alisema polepole. "Ni shikamoo."

"Shikamoo inakata mtandao?" Zuhra alishika kiuno. "Mimi nimekuamkia sasa hivi, kompyuta inaongea huko ndani."

"Wewe umeniamkia umesimama, umeshika beseni."

Kisha mzee akasimama haraka kuliko alivyosimama tangu afike, akapiga hodi.

Apolonia alikuwa mezani, anajaribisha somo la kesho. Alipomwona mzee na koti, akalisahau koti, akateremka kutoka kwenye kiti ili apige magoti.

"Ngoja!" mzee alisema. "Usipige magoti. Niamkie hivyohivyo, umesimama."

Apolonia alimtazama kana kwamba ameambiwa amtukane. "Baba?"

"Ni kipimo tu, Mama Juliana."

"Baba, mimi nikuamkie wewe nimesimama, kama mlingoti wa bendera? Marselino akisikia je? Mama huko Chato akisikia?"

"Ni mimi ninayekuomba."

"Naomba unisamehe, Baba. Kitu kingine chochote. Hicho hapana."

Zuhra, mlangoni, alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Mzee Maige hakukasirika. Moyoni alifurahi kidogo. Alifikiri, kama alivyofikiri zamani mbele ya mashine zilizogoma, kwamba kuna njia ya pili siku zote.

"Vizuri. Basi piga magoti, lakini si hapo. Njoo pale, karibu na kabati."

Hilo lilikuwa halina ubaya. Apolonia alivuka, akapiga magoti karibu na kabati. "Shikamoo Baba. Mwangaluka."

"Marahaba. Mwangaluka. Zuhra, vipi?"

Zuhra alichungulia kompyuta. "Inaenda."

"Sasa rudi pembeni mwa kiti, pale pa siku zote. Taratibu."

Apolonia alirudi, akapiga magoti pembeni mwa kiti. "Shikamoo…"

"Imekata!" Zuhra alipiga kelele kama aliyeona goli. "Imekata, wallahi! Kiduara hicho!"

Mzee Maige alikuwa tayari amepiga magoti yeye mwenyewe, akikunja kapeti. Pembeni mwa kile kiti, kati ya mguu wa meza na ukuta, ambapo mtu hapiti wala hakanyagi, ulilala waya mweupe. Ulitoka kwenye soketi ya sebule, ukapita chini ya kapeti, ukaingia chini ya pazia la chumbani. Na palepale penye alama ya magoti ya Apolonia ulikuwa umeungwa, kiungo kimezungushiwa tepu nyeusi iliyolegea, kimevimba kama goti la mwanakandanda. Mzee alichomoa kwanza waya ukutani, kisha akaigusa tepu kwa kucha. Ilifunguka yenyewe. Ndani, nyaya zilikuwa zimeshikana kwa ncha tu.

"Nani aliunga huu?"

Apolonia aliinamisha uso. "Soketi ya chumbani iliungua, Baba. Marselino alileta umeme wa ruta kutoka hapa. Alikuwa anawahi gari la Geita."

"Marselino," mzee alirudia. "Mtoto wa fundi Maige."

"Ndiye."

Zuhra akashindwa kujizuia, akakaa chini kabisa, akacheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Apolonia alijaribu kuwa na adabu mbele ya mkwewe, akashindwa. Na Mzee Maige, ambaye kicheko chake hakikuwahi kusikika ng'ambo ya ukuta, alikaa juu ya kapeti lililokunjwa, akacheka mpaka machozi yakataka kutoka na upande wa bandeji.

"Kwa hiyo ukinipigia magoti," alisema alipopata pumzi, "goti linakikandamiza kiungo, ruta inazima, inawaka upya. Ukifika chumbani unaikuta inawaka. Na kabla sijaja hukuwa na wa kumpigia magoti." Akafuta jicho zima. "Mashine haina chuki na mtu."

Ndipo Apolonia alipolikumbuka koti, na kuliona begi barazani. Uso wake ukabadilika. "Baba, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilikuwa nalipungisha hewa begi," mzee alijibu, akaomba bisibisi.

Mchana ule alikata kiungo kibovu, akaweka kipya cha kukaza kwa skrubu, kisha akaupandisha waya ukutani, akaubana kwa klipu mpaka kwenye fremu ya mlango wa chumbani. Hapo alisimama.

"Mimi mwisho wangu hapa. Shika ncha, pitisha chini ya pazia. Upande wa kushoto, klipu kila baada ya shubiri."

"Nimeweka, Baba."

"Imenyooka?"

"Imenyooka kuliko ya Marselino."

"Hilo si kipimo, Mama Juliana."

Ijumaa saa nne Bi Loveness alitokea katika kona ya kompyuta, miwani puani, kalamu mkononi. Bwana Henrik alikuwa amevaa tai. Mzee Maige alikaa barazani pa siku zote. Waya aliujaribu mara ishirini jana yake, lakini mtu aliyekaribia kuondoka haondokewi na hofu mara moja. Aliamua chai ya leo itasubiri mpaka somo liishe.

Somo lilikuwa la kuamkia wakubwa. Alimsikia Apolonia akieleza: nani anasema shikamoo, nani anajibu marahaba. Kisha akamsikia akisema, "Bwana Henrik, hili halifundishiki kwa mdomo. Subiri." Na sauti ikainuliwa kuelekea dirishani: "Baba! Karibu chai!"

Mzee hakuinuka.

"Baba! Chai inapoa!"

"Ingia, mzee," Zuhra alinong'ona. Naye alikuwa amefika na vitumbua, eti kwa bahati. "Ingia, la sivyo nakusukuma."

Akapiga hodi, akaingia. Apolonia aliteremka kwenye kiti. Angeweza kwenda karibu na kabati, lakini hakwenda. Alipiga magoti palepale pembeni mwa kiti, pa siku zote, akainama.

"Shikamoo Baba. Mwangaluka."

Mzee Maige alitazama kompyuta kwa jicho lake moja. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Hakuna kiduara. Bwana Henrik alikuwa anapepesa macho, yu hai, tena ameisogelea kamera mpaka pua ikajaa kioo.

"Mwalimu!" alisema. "Sasa ninaelewa! Kila siku mzee anakuja, wewe unaanguka kwenye kiti, halafu mtandao unakufa. Wewe unaanguka, mtandao unakufa. Mimi ninaona. Mimi ninataka kusema. Lakini sina neno!"

"Kupiga magoti," Apolonia alisema, akicheka na kufuta macho kwa pamoja. "Neno ni kupiga magoti, Bwana Henrik."

"Angekuwa nalo hilo neno," Zuhra alisema dirishani, "mzee asingefunga begi."

"Kupiga magoti," alirudia Bwana Henrik. "Mzee ana miaka mingapi?"

"Sabini na moja," alijibu mzee mwenyewe.

"Mimi sitini na sita."

Na ghafla kwenye kioo kikabaki kiti kitupu na rafu ya vitabu. Sauti hakuna. Zuhra alishika kichwa. Katika kona yake, Bi Loveness alivua miwani.

"Mwalimu, imekata?"

Mzee Maige ndiye peke yake aliyesogea kutazama vizuri. Chini kabisa ya picha, kwenye ukingo wa meza ya Uswidi, palionekana kishungi cha nywele nyeupe. Kishungi kiliinama.

"Shikamoo, Mzee!" sauti ilitoka sakafuni.

Bi Loveness huko Arusha aliziba uso kwa karatasi, na karatasi ilitetemeka muda mrefu kabla hajaweza kusema kwamba ameridhika, somo liendelee, na kwamba Bwana Henrik aketi kitini, wanaume huku huinama tu.

"Marahaba," Mzee Maige alikuwa ameshaitikia. "Marahaba sana, mdogo wangu. Wabeja, asante."

Kisha akachukua chai yake, akatoka nayo barazani, akafungua daftari. Begi lilikuwa limerudi chumbani kwake. Aliandika kwa herufi kubwa, akiinua daftari karibu na jicho: Ijumaa, saa nne na robo. Nimeingia. Nimeamkiwa mara mbili. Haikukata.

Zuhra alikuwa amesimama begani kwake, anasoma. "Andika na vitumbua," alisema.

Akaandika na vitumbua.